Mzee akianza kusahau, tutazame sinia

Miongoni mwa mambo yanayofichwa sana katika majumba yetu huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, ni habari ya mzee aliyeanza kupotewa na kumbukumbu. Presha ya babu husemwa bila haya, na sukari ya mama hutajwa hata harusini, pale sahani ya halua inapopitishwa. Lakini siku baba anapouliza mara tatu kama adhuhuri imekwisha kuswaliwa, au nyanya anapomwita mjukuu wake kwa jina la nduguye aliyekufa zamani, watoto hutazamana, mlango hufungwa, na wageni huambiwa kwamba mzee amelala.

Wengine husema ni uzee tu. Wengine, na hao ndio wanaonitia hofu, husema amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Ajuza aliyekutwa alfajiri uani kwa jirani, hana viatu wala hajui amefikaje, hawezi kujieleza, na asiyeweza kujieleza huhukumiwa upesi. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati wa watu huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Jirani zetu wa Kilifi nao wamezika wazee kwa tuhuma kama hizo, hata ikabidi pawepo mahali pa kuwahifadhi waliokimbia makwao, pale Kaya Godoma katika Ganze. Sisemi kwamba wote hao walikuwa wagonjwa. Nasema kwamba maradhi ya kusahau yana alama zake, na asiyezijua huzigeuza kuwa ushahidi.

Basi kwanza tujue kusahau kupi ni maradhi. Kusahau ulipoiweka miwani si ugonjwa. Ugonjwa ni kuishika miwani mkononi ukawa hujui ni ya kazi gani. Ni mpishi wa miaka 40 kushindwa kujua kitangulie nini, kitunguu au mchele, na ni mtu kupotea katika njia ya msikiti aliyoipita tangu utotoni. Madaktari huyaita maradhi haya dimenshia, nayo ni ya namna nyingi. Namna ijulikanayo zaidi imepewa jina la Alois Alzheimer, tabibu wa Kijerumani aliyeieleza mwaka 1906. Nyingine hutokana na mishipa ya damu iliyoharibika kichwani, na aghlabu hizo mbili huandamana katika mtu mmoja.

Ubongo ni kitu kidogo, haufiki kilo moja na nusu, yaani kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili. Hata hivyo hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za nguvu tunazozipata katika chakula, na chakula hicho huletewa kwa damu, usiku na mchana, kupitia vijishipa vyembamba kuliko unywele. Presha huvichakaza vijishipa hivyo na sukari huvikakamaza. Wakati mwingine mshipa huziba au kupasuka ghafula, ndipo tukasema fulani amepatwa na kiharusi. Lakini mara nyingi huziba kidogo kidogo kwa miaka 20, hapana aliyeanguka wala aliyepelekwa hospitali, mpaka siku ile ya kuulizia adhuhuri mara tatu. Maradhi haya huonekana katika miaka ya 70, na huanza kujengwa katika miaka ya 40.

Je, yakwepeka? Yako ya kuyatazama hapa hapa Afrika. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti waliwafuata wazee weusi wa mji wa Indianapolis, Marekani, pamoja na wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, wote wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba ugonjwa wa Alzheimer uliwapata wale wa Indianapolis zaidi ya mara mbili kuliko wale wa Ibadan. Asili yao yakaribiana. Maisha yao ndiyo yaliyotofautiana. Wazee wa Ibadan walikuwa na presha, sukari na mafuta ya damu kwa uchache. Lakini Afrika si kinga. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa mwaka 2009 na 2010 uliwakuta na dimenshia zaidi ya wazee 6 katika kila 100 waliofika miaka 70. Nasi wa pwani, kwa ulaji wetu wa sasa, nadhani tumejisogeza karibu na Indianapolis kuliko Ibadan.

Msomaji na aitazame siku ya mtu wa kawaida wa Bombolulu au Magongo. Asubuhi ni mahamri manne na chai ya maziwa iliyotiwa sukari mpaka kijiko kisimame. Saa nne ni bajia au viazi karai kando ya barabara, vilivyokaangwa katika mafuta yaliyotumika tangu jana. Mchana ni wali mweupe, sahani imefura, na chumvi imewekwa mezani iongezwe kabla ya kuonja. Jioni ni chipsi na soda. Hakuna hata kimoja hapo ambacho bibi zetu hawakukijua, ukiacha chipsi na soda. Lakini mahamri yalikuwa ya Idi na ya wageni, na biriani ilikuwa ya harusi. Chakula cha sherehe kimekuwa cha kila siku, na kazi iliyokuwa ikikiyeyusha haipo.

Chakula cha siku zisizo za sherehe kilikuwaje? Mbaazi, kunde na pojo. Mchicha, kisamvu, mnavu, na mchunga ule mchungu ambao vijana siku hizi wanaukunjia uso. Muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha. Samaki, tena si nguru wa bei ya juu peke yake, bali dagaa na vibua ambavyo baadhi yetu tunaviona chakula cha masikini. Ajabu ni kwamba sinia hiyo, ukiondoa mapishi na majina, inafanana sana na ile wanayosifiwa watu wa bahari ya Mediterania, ambayo matabibu wa Ulaya na Marekani wanaipendekeza kwa ajili ya moyo na ubongo: majani, jamii ya kunde, matunda, samaki, nyama kidogo. Samaki wadogo wenye mafuta wana aina ya mafuta ambayo ubongo wenyewe umejengwa nayo. Mwenye kununua dagaa sokoni Kongowea hajapungukiwa na lolote.

Najua nitaulizwa habari ya nazi, na mpwani kumsema mnazi ni hatari. Kweli ni kwamba mafuta ya nazi ni ya jamii ya yale yagandayo, nayo hupandisha mafuta mabaya katika damu. Siwaambii watu waache mchuzi wa nazi. Nasema tui la pili, lile jepesi, lapika mbaazi vizuri tu, na tui zito lingojee Ijumaa.

Chumvi nayo ina kipimo: Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, katika achari na katika papa mkavu. Uchunguzi wa serikali yetu wa mwaka 2015 ulimkuta na presha karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne, na wengi hawakuwahi kupimwa maishani mwao. Presha haiumi. Kwa sababu hiyo mtu hunywa vidonge mwezi mmoja, akajiona mzima, akaviacha. Huko Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 9,000, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliodhibitiwa presha kwa ukali zaidi walipatwa kwa uchache na ule udhaifu wa kumbukumbu unaotangulia dimenshia.

Kuhusu Ramadhani nitasema machache, kwa kuwa mashekhe wapo. Mafundisho ya kuacha nafasi tumboni yanajulikana na kila mtoto wa chuo. Lakini futari yetu ya kaimati, sambusa, viazi vya nazi na sharubati humlipa mtu kwa saa moja yote aliyoyaacha mchana kutwa. Mwenye sukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Tena kuna miguu. Wazee wa Mtongwe walitembea mpaka feri, wakavuka, wakatembea mpaka kazini, na jioni wakarudi hivyo hivyo. Leo tuktuk humchukua mtu mlangoni, na bodaboda humpeleka dukani mwendo wa dakika tano. Nitie neno hapa kwa vijana wa bodaboda: kichwa kilichogongwa barabarani leo ni miongoni mwa sababu za dimenshia kesho, na helmeti haikuumbwa kutundikwa kwenye usukani. Sigara ni hivyo hivyo, haina utetezi.

Si yote, lakini, yaliyo mikononi mwa mtu. Huko Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014 na kumwaga risasi katika hewa na maji ya wakazi. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa wa watoto, na kwa watu wazima hupandisha presha. Phyllis Omido alipigania haki hiyo mpaka akatunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwa upande wa wakazi. Mtu hawezi kuambiwa ale mchicha wakati udongo wa mchicha wenyewe una sumu.

Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet la Uingereza lilihesabu mwaka 2024 mambo 14 ambayo yakirekebishwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya dimenshia duniani, sehemu 45 katika 100. Mengi nimekwisha kuyataja. Mawili yalinishangaza: uziwi na upweke. Nikafikiri habari ya baraza zetu. Mzee mwenye baraza hubishana, hukumbuka nasaba, hucheza bao, hujua nani kafa na nani kaoa, na hiyo yote ni kazi ya ubongo. Masikio yakifa hucheka pasipo pa kucheka, huona haya, huacha kutoka. Mwaka mmoja baadaye watu husema akili zimemruka, kumbe kwanza alipoteza masikio. Apimwe. Pengine ni nta tu.

Wala hajachelewa aliyefika miaka 60. Finland waliwachukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, nusu wakapewa kwa miaka miwili chakula bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa presha na sukari. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha akili zao zimeshika vizuri kuliko za wenzao, ingawa tofauti haikuwa kubwa.

Na yule ambaye tayari ameanza kusahau, apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa mganga, kwa maana upungufu wa damu, dawa zilizozidi na huzuni nyingi huweza kufanana na dimenshia, nayo yana tiba. Asibishiwe anapokosea siku. Asiondolewe barazani pake. Akiwa huamka usiku kutafuta mlango, komeo liwekwe juu asipopatazama, na nambari ya simu ya mwanawe iandikwe katika kipande cha kitambaa, ishonewe ndani ya kanzu yake au pindo la leso, na jirani wa pande zote mbili waambiwe waziwazi kwamba mzee wetu ni mgonjwa, wakimwona amepotea wamrudishe kwa upole.