Mgeni Huyu Apewe Jembe

Wazee wetu walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Walitaka kila akaaye nyumbani aisaidie nyumba. Katika nyumba nyingi za Bunia yuko mgeni mmoja aliyeingia zamani, akapewa mahali pazuri sebuleni, akafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, wala hakuna aliyempa jembe. Mgeni huyo ni televisheni. Leo twapenda kumtazama vizuri: ametoka wapi, anasema nini, anakula nini, na kazi yake iwe ipi. Sisi si mafundi wala watunga filamu. Tu watazamaji tu, kama wasomaji wetu, tukaao mbele yake jioni baada ya kazi.

ALIVYOFIKA KWETU

Mnamo Januari 1926 John Logie Baird aliwaonyesha wataalamu wa London picha zinazotembea, zilizopelekwa kwa mitambo yake. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1966, televisheni ya taifa ilianza Kinshasa. Jirani zetu walikuwa wametangulia: Kenya mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi, hali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994.

Lakini kutoka Kinshasa hadi Bunia ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa njia ya anga, na mawimbi ya mnara wa televisheni hayaendi mbali hivyo. Ndiyo sababu twaona madishi juu ya mabati yetu. Dishi hupokea picha kutoka chombo kilichowekwa angani juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka hapa, nacho huzunguka sawasawa na dunia, hata chaonekana kama kimesimama. Mvua kubwa ikinyesha, matone hudhoofisha mawimbi hayo, na picha hukatika. Basi tusimlaumu fundi kwa kila wingu.

Tena saa zetu si saa za Kinshasa. Habari isomwayo kule saa mbili usiku, sisi twaisikia saa tatu, watoto wakisinzia. Na Kampala saa hiyo ni saa nne. Twakaa katikati ya miji hii miwili, tukitazama mambo ya wengine kwa saa za wengine.

PICHA INA BWANA WAKE

Jambo hili la saa si dogo. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa. Pambano lilianza karibu saa kumi za usiku. Kwa nini watu wakeshe hivyo? Kwa sababu Marekani ilikuwa bado jioni, na watazamaji wa huko walitakiwa waone kwa raha. Uwanja ulikuwa wetu, usingizi uliopotea ulikuwa wetu, lakini saa ilichaguliwa kwa ajili ya wengine.

Katika miaka ya utawala wa Mobutu kulikuwa na jambo lingine ambalo watu wazima hawajalisahau. Kabla ya habari ya jioni, televisheni ya taifa ilionyesha uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Mtoto aliyeona hivyo kila siku angefikiri nini? Mwenye kuzishika picha aweza kumpandisha binadamu mbinguni na kumteremsha apendavyo. Mwaka 1997 utawala ule ulianguka, na mawingu hayakumsaidia. Basi kila tuonapo picha yafaa tuulize: ni nani aliyeipanga, naye ataka tuamini nini?

TUNAYOYATAZAMA

Twaanza na mpira, kwa kuwa hapo hatuna ugomvi. Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Inter Milan iliifunga mabao matatu kwa bila. Lakini Mkongo gani aliona haya usiku ule? Timu ya taifa ichezapo, mtu hamwulizi jirani yake kabila. Anamwuliza tu: "Wamefunga?" Katika mkoa wetu neno hilo lina thamani kubwa.

Tamthilia za ng'ambo zatuchosha kidogo. Nyumba ni za fahari, wote wamevaa vizuri, wala hatuoni mtu akilima, akipika au akichota maji. Machozi ni mengi, kazi hakuna. Msichana atazamaye hayo mwaka mzima aweza kudhani kwamba ndoa ni mavazi na wivu. Hata hivyo twakiri kwamba mama aliyeshinda sokoni juani ana haki ya kucheka na kulia kidogo jioni.

Filamu za Nigeria zina jambo la kutufundisha. "Living in Bondage" ya mwaka 1992, iliyofungua njia kwa nyingine nyingi, yamhusu mtu aliyemtoa mkewe kafara ili apate mali, kisha asipate amani. Hilo ni fundisho la kweli. Lakini katika nyingi zilizofuata, uchawi umekuwa jibu la kila swali: mtoto akiugua ni mchawi, duka likifilisika ni mchawi. Nyumba inayoamini hivyo haitakawia kumnyoshea kidole bibi kizee asiye na mtetezi, au mtoto yatima. Hapo filamu imekuwa hatari kwa mtu aliye hai.

Twazipenda zaidi filamu za Kiswahili za Dar es Salaam. Steven Kanumba alipofariki mwezi Aprili 2012, alililiwa hata na watu wa nchi nyingine, kwa kuwa alisema lugha wanayoielewa. Twawasifu pia wale wafasiri wa vibanda vya video, kama Lufufu wa Dar es Salaam, waliozungumza juu ya filamu za kigeni hata wasiojua lugha wakazifuata. Kusikia ni nusu ya kuona.

Zabaki filamu za bunduki. Hapa twaomba wazazi watusikilize. Vita vya Ituri vya miaka 1999 hadi 2003 viliua maelfu ya watu, na mwezi Mei 2003 mapigano yalikuwa ndani ya mji wenyewe. Mwaka 2021 serikali iliuweka mkoa chini ya utawala wa kijeshi. Watoto wengi walio kati yetu walikimbia vijiji vyao usiku. Katika filamu bunduki hulia, watu ishirini huanguka, na shujaa hupanda gari akienda zake. Hakuna anayezika, hakuna anayelia. Mtoto wa Ituri ajua kwamba sivyo. Akianza kucheka pamoja na wengine, tusifurahi upesi kwamba amepona. Pengine amefundishwa kwamba msiba wake si kitu.

ANAKULA NINI?

Mgeni huyu hula umeme. Umeme wa maporomoko ya Budana, uliojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, haufiki kila nyumba, na wengi wetu twategemea jua na betri. Twende kwa hesabu. Televisheni ya zamani yenye mgongo mnene hutumia wati 60 hadi 100. Nyingi kati ya bapa ndogo za siku hizi hutumia wati 30 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Lakini betri ya risasi haipendi kumalizwa, basi tumia nusu tu, yaani 300. Televisheni ya wati 30 itaweza kuwaka muda wa saa kumi au pungufu kidogo. Ile ya zamani, saa tatu hadi tano. Tena ngurumo zikikaribia, ng'oa waya wa umeme na wa dishi pia, kwa maana radi haibishi hodi.

Hula fedha pia. Malipo ya king'amuzi huja kila mwezi, na minervali ya mtoto wa sekondari nayo yaja. Nyumba ambayo king'amuzi kimelipiwa na mtoto amerudishwa kutoka shuleni, mwenye amri ndani yake ajulikana.

Tena sasa wengi hutazama kwa simu, kila mtu pembeni na yake. Twaona kwamba televisheni ya zamani, pamoja na uzito wake, ilikuwa na wema huu: watu kumi waliitazama kwa pamoja, na mzazi aliona kile anachokiona mtoto. Chombo kidogo kimerahisisha kutazama, lakini kimemwacha mtoto peke yake na mambo mazito.

JEMBE LENYEWE

Mwaka 1958 Papa Pio XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni. Yasimuliwa kwamba usiku wa Noeli alilala mgonjwa, asiweze kwenda kanisani, akaiona ibada kutoka kitandani pake. Hiyo ndiyo kazi inayomfaa mgeni wetu: kutupeleka mahali ambapo miguu haifiki. Lakini akituzuia kwenda mahali ambapo miguu yafika, yaani kwa jirani mgonjwa, au kwenye kiti cha babu mwenye hadithi, amekula bure.

Kwa hiyo yafaa kuchagua kipindi kabla ya kuwasha, kukaa na watoto na kuwauliza wameelewa nini, na kuzima mgeni wa kweli aingiapo. Tena filamu ya mauaji isiwashwe mbele ya mtoto aliyekimbia mauaji. Nyumba ifanyayo hivyo imekwisha kumpa mgeni wake jembe. Na alimaye huwa mwenyeji.