Injini ya Mipigo Miwili Ikisumbua Baada ya Matengenezo: Yafaayo Kukaguliwa Kabla ya Kununua Pistoni Nyingine

Na Mwandishi Wetu, Isongole – Ileje

Katika Kata ya Isongole, Wilaya ya Ileje, mpakani mwa Tanzania na Malawi, injini ndogo za mipigo miwili ni nyenzo za kazi za kila siku. Ndizo zinazoendesha mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia dawa kwenye kahawa na misumeno ya mnyororo ya kupasulia mbao. Injini hizo huchakaa, na fundi huzifungua na kuweka pistoni, ringi na gasketi mpya. Tatizo huanza pale mashine iliyotoka kutengenezwa inapokataa kuwaka, inapokosa nguvu au inapozimika ikipata joto.

Kwa mkulima wa kahawa, suala hilo si dogo. Kutu ya majani na chulebuni hudhibitiwa kwa kunyunyizia dawa kwa wakati, na mvua haimsubiri mwenye bomba bovu. Wengi huamua kwamba vipuri ni bandia, wakasafiri hadi Tunduma au Mbeya kununua vingine. Mara nyingi pistoni ya pili huungua kama ya kwanza, kwa kuwa chanzo cha tatizo hakikuguswa.

Ili kuelewa sababu, ni muhimu kufahamu namna injini hii inavyofanya kazi. Haina sampu ya oili kama injini ya mipigo minne. Mchanganyiko wa petroli, oili na hewa huingia kwanza katika chumba cha krenki, husukumwa na pistoni inaposhuka, kisha hupanda kwenye silinda na kuchomwa. Oili inayolainisha beringi na pistoni ni ile iliyochanganywa na petroli. Kwa hiyo hewa ikizidi, injini hupata madhara mawili kwa pamoja: joto hupanda na ulainishaji hupungua.

Hatua ya kwanza ni kukagua mafuta. Petroli iliyokaa miezi kadhaa kwenye dumu imwagwe mahali salama na kuwekwa mpya. Uwiano ufuate maelekezo ya mtengenezaji. Uwiano wa 1:50 ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Uwiano wa 1:25 ni mara mbili ya kiasi hicho. Itumike oili maalumu ya mipigo miwili, kwani oili ya gari au ya pikipiki ya mipigo minne huacha masizi. Wapo wanaozidisha oili wakiamini wanailinda injini mpya. Kufanya hivyo huchafua plagi, na pia hupunguza kiasi cha petroli kinachopita kwenye jeti ya kabureta, hivyo hewa huzidi.

Hatua ya pili ni cheche. Plagi itolewe, iunganishwe na waya wake na kugusishwa kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu la plagi na mbali na mafuta, kisha kamba ivutwe. Cheche nzuri huwa na nguvu na rangi ya bluu. Ikiwa ipo lakini injini inapiga nyuma au inarusha kamba, kagua kii ya gurudumu la sumaku. Kii iliyokatika huruhusu gurudumu kuhama, na cheche hutoka wakati usio wake. Kosa hili hutokea zaidi baada ya matengenezo, gurudumu linapofungwa bila kukazwa vizuri.

Hatua ya tatu ni mgandamizo. Kwa mashine ndogo nyingi, kipimo kilicho chini ya takribani pauni 100 kwa inchi ya mraba huashiria tatizo, ingawa ringi mpya huweza kuonyesha kipimo cha chini kidogo kabla hazijakaa. Mshale ulio juu ya pistoni unapaswa kuelekea upande wa ekzosi, na ncha za ringi zikae kwenye pini zake. Pistoni ikifungwa kinyume, ncha hizo hunasa kwenye matundu ya silinda na kuvunjika.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo inayorukwa zaidi, ni kutafuta mahali hewa inapopenya. Dalili yake ni injini kubaki na mwendo mkubwa hata baada ya kuachia mafuta, au kutulia pale choki inapofungwa kidogo. Hewa hupenya kwenye sili za krenki, gasketi ya chini ya silinda, au raba inayounganisha kabureta. Fundi huziba njia ya kuingilia hewa na ya ekzosi, hujaza upepo wa takribani nusu baa, kisha hupaka maji ya sabuni. Povu huonyesha tundu lilipo. Kupulizia petroli kwenye injini inayozunguka ili kutafuta tundu ni hatari ya moto na kusifanyike.

Baada ya hapo ndipo kabureta ikaguliwe: mpangilio wa gasketi na kiwambo, kichujio kilicho ndani ya tangi, na tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Ekzosi nayo isafishwe, kwa kuwa masizi ya zamani huinyima nguvu hata injini yenye vipuri vipya.

Ipo pia hali ya kijiografia. Hewa hupungua uzito kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam huweza kupata petroli nyingi kupita kiasi inapofika nyanda za juu za Ileje, ikatoa moshi na kulowanisha plagi. Rangi ya plagi husaidia kuamua: nyeupe huashiria hewa kuzidi, nyeusi yenye unyevu huashiria petroli au oili kuzidi, na kahawia ni dalili njema.

Wenye mashine wanashauriwa kumwomba fundi awarejeshee pistoni ya zamani. Mikwaruzo upande wa ekzosi huelekeza kwenye joto kali au hewa kuzidi. Uchakavu upande wa kuingilia huelekeza kwenye vumbi lililopita kwenye kichujio. Jibu la kwa nini injini iliharibika limo katika kipuri hicho, na likipuuzwa, kipuri kipya hufuata njia ileile.

Injini ikishatulia, matangi machache ya kwanza yatumike kwa kazi nyepesi, kwa kubadilisha mwendo na bila kuibana kwa nguvu zote muda mrefu. Ukaguzi huu wote huhitaji takribani nusu siku ya fundi makini. Ni muda mfupi ukilinganishwa na msimu wa kahawa uliopotea bomba likiwa limelala gereji.