Mtoto na Jiko: Tuanze na Karanga na Ndizi

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa madarasa ya watoto wadogo tunapenda kuongea nanyi wazazi wa Nyarugusu habari ya jikoni.

Siku ya mgao mama anatoka asubuhi na mapema, anarudi jua limeshakuwa kali. Nyumbani amebaki dada wa miaka minane na wadogo zake wawili. Njaa ikiuma, huyo dada hasubiri. Anachochea moto, anabandika sufuria, maana kila siku anamuona mama yake akifanya hivyo. Kumkataza tu hakusaidii; mzazi akishatoka, nani atamlinda? Ndiyo maana tunaona afadhali mtoto afundishwe mapema, tena aanze na vitafunio visivyotaka moto, ili siku hiyo awe na cha kuwapa wadogo zake bila kugusa kiberiti.

Tunachofundisha ni karanga na ndizi. Mzazi anakaanga karanga jioni ya kuamkia siku ya mgao, ugali ukishaiva, kwenye makaa yaleyale. Kuni haziongezeki. Kabla ya kukaanga, watoto wazichambue. Kazi hii wanaipenda sana, na macho yao yanatushinda sisi wakubwa. Karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, hata kuku asipewe. Ukungu huo huleta sumu kuvu, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 hapa Tanzania, watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi.

Asubuhi mtoto ananawa mikono kwa sabuni, anamenya ndizi mbivu, anaziponda kwa kijiko, anachanganya na karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Basi, tayari! Karanga zitwangwe mpaka ziwe laini, kwani zikiwa nzima zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitano na kumziba pumzi. Kisu hakina kazi hapa. Ndizi zikikosekana sokoni, kiazi kitamu kilichochemshwa kinafaa pia.

Wavulana nao wapike. Wako wanaosema tunawageuza wasichana. Waseme tu, lakini mvulana akisikia njaa anakwenda kwenye sufuria ileile.

Habari ya moto ije baadaye, mtoto akikua, na mzazi awe pembeni yake. Nguo au kitenge kisiburuzike. Chora mstari chini kwa kijiti kuzunguka jiko, wadogo wasiuvuke. Huu mchezo wanaushika haraka kuliko maneno mengi.

Na mtoto akiungua, mmwagieni hapohapo maji safi ya baridi, dakika 20. Tunajua maji ni ya foleni, lakini siku hiyo msiyabane. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga, na msipasue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi, mumpeleke zahanati, hasa akiwa ameungua usoni, mikononi au sehemu kubwa kuliko kiganja chake. Mkifika, mwelezeni mhudumu ameungua saa ngapi na kwa kitu gani: maji, mafuta au moto.