Plau inapofichua mitungi ya wafu wa enzi ya Warumi

MKULIMA nchini Uingereza anapolima shamba lake, si ajabu plau ikaibua vigae vya mtungi vilivyochanganyika na majivu na vipande vya mifupa. Huenda hilo likawa kaburi la enzi ya Warumi, walioitawala nchi hiyo kuanzia mwaka wa 43 hadi mwanzoni mwa karne ya 5.

Katika karne mbili za kwanza za utawala huo, maiti nyingi zilichomwa. Mifupa iliyosalia iliokotwa, ikatiwa mtungini na kuzikwa. Mara nyingine kando yake viliwekwa vyombo vya mezani, zikiwemo sahani nyekundu zinazong’aa kutoka Gaul, ambayo leo ni Ufaransa. Wafinyanzi wengi walizigonga sahani hizo mihuri ya majina yao, na ni kwa mihuri hiyo wataalamu hukadiria umri wa kaburi.

Sheria ya Warumi ilikataza maziko ndani ya mji, ndiposa makaburi yakatapakaa kando ya barabara na mashambani. Mengi hayana alama yoyote, wala hayakwenda chini sana. Plau hukata mdomo wa mtungi msimu huu, msimu mwingine ikafikia tumbo.

Kuutambua mtungi si kazi rahisi. Mnamo 1658, tabibu Thomas Browne wa Norwich alichapisha kitabu kuhusu mitungi kati ya 40 na 50 iliyofukuliwa shambani huko Walsingham. Aliamini ni ya Warumi. Baadaye ilibainika kuwa ya Waanglo-Saxon, waliokuja baada ya Warumi. Kosa hilo lasameheka, kwani enzi hizo vya kulinganishia vilikuwa haba.

Linalotia wasiwasi ni sheria. Ile ya hazina ya mwaka 1996 hulenga hasa dhahabu na fedha. Chungu cha udongo kilichopatikana peke yake hakimo. Kukiripoti ni hiari, ingawa kufukua mifupa ya binadamu huhitaji kibali.

Kwa hivyo wanaakiolojia huwasihi wanaoikuta mitungi hiyo wasiimwage. Mifupa iliyomo yaweza kuonyesha iwapo marehemu alikuwa mtoto au mtu mzima, na misumari midogo ya viatu hupatikana humo. Wao huuzungushia mtungi bendeji, wakaung’oa pamoja na udongo wake, kisha wakauchimbua maabarani tabaka baada ya tabaka.