Redio ya Ridhaa Ikikuchosha: Utoe Dola 50, Dola 80 au Dola 1,200?

Redio ya mkononi ya dola 25 hadi 30 ndiyo mlango wa wengi wanaoingia katika redio ya ridhaa. Ni jamaa wa zile wanazobeba walinzi wa majengo na waandaaji wa harusi, redio koli kwa lugha ya mtaani. Mtu anapata leseni na alama ya wito, inayoanza na 5Z akiwa Kenya au 5H akiwa Tanzania, na miezi ya kwanza hatulii. Anapanda juu ya paa usiku kutafuta ripita na kusalimiana na watu asiowahi kuwaona. Halafu inafika siku anagundua kwamba sauti ni zilezile, na anajua mapema nani atalalamikia foleni ya Thika Road. Redio inaishia juu ya kabati. Muda si mrefu anaanza kuzikodolea macho redio za mezani zenye kioo cha rangi, bei dola 1,200.

Kabla hajatoa pesa hiyo, ajiulize kimemchosha nini hasa. Wapo wanaochoshwa na watu walewale, na hao wanahitaji umbali. Wapo waliochoka kubonyeza kitufe bila kujua ndani ya boksi kunatokea nini, na hao wanahitaji solda. Wengine wamezoea tu: kila kitu kinatii, hakuna kinachowashinda. Dawa za makundi haya haziuzwi duka moja. Mimi hupima kila chaguo kwa swali hili: kitu hiki kitanishinda kwa muda gani? Kinachonitii siku ya kwanza najua nitakichoka kabla risiti haijafifia.

Bei nitakazotaja ni za takriban, za maduka ya nje, kabla ya usafirishaji. Dola moja nimeihesabu kwa shilingi 130 za Kenya. Ongeza VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, pamoja na tozo nyingine za forodha. Chochote kinachorusha mawimbi kinahitaji idhini ya mamlaka ya mawasiliano, CA kwa Kenya na TCRA kwa Tanzania. Ulizia karatasi hizo kabla ya kuagiza, maana gharama ya mzigo uliokwama uwanja wa ndege haiandikwi kwenye tangazo lolote.

Tuanze na redio kubwa, maana ndiyo inayotamaniwa na wengi. Redio ya mezani ya masafa ya HF, yenye wati 100, ni dola 800 hadi 1,200. Bado hujanunua pawa saplai ya volti 13.8 inayoweza kutoa ampea 20 na zaidi, bado kebo, bado mlingoti. Shilingi 150,000 zinaisha haraka. Unapata nini? Ukilinganisha na redio ya wati 5, wati 100 ni nyongeza ya desibeli 13. Kwa yule anayekusikia upande wa pili, hiyo ni alama mbili na kidogo tu kwenye mita ya S. Kuna siku alama mbili hizo ndizo tofauti ya kusikika na kutosikika, sikatai. Ila wati haziongezi usikivu wako. Ukiishi kwenye fleti yenye taa za LED za bei rahisi, chaja za simu na inveta ya sola ya jirani, redio ya dola 1,200 itakuletea kelele zilezile, safari hii zikiwa na picha ya rangi. Katikati ipo redio kama Xiegu G90, wati 20, dola 450 hivi. Anayetaka HF bila kukopa ningemwelekeza hapo, na dola zinazobaki azimalizie kwenye antena. Antena yenyewe si lazima iwe ya dukani: waya wa kawaida wenye jumla ya mita 10, mita 5 kila upande, unatosha kwa bendi ya mita 20.

Ukishakuwa na HF, jambo la kwanza utakaloambiwa ujaribu ni FT8. Programu yake, WSJT-X, ni ya bure. FT8 ilitoka mwaka 2017, kazi ya Steve Franke na Joe Taylor, na huyu Taylor ni yule mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsa ya aina mpya. Kompyuta yako inatuma ujumbe mfupi katika vipindi vya sekunde 15 na kusoma ishara dhaifu ambazo sikio lisingezitambua kabisa. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ni karamu: ita mara moja ukiwa na alama ya 5H, na Ulaya na Japani wanapanga foleni, kwa sababu huku wanaridhaa ni wachache na kila mmoja wao anakusanya nchi. Orodha ya DXCC ina nchi na maeneo 340, na cheti cha kwanza kinataka 100. Aliyechoshwa na watu walewale atafurahi kweli. Lakini hakuna mazungumzo, ni alama ya wito, nguvu ya ishara na kwaheri, na kompyuta ndiyo inayofanya karibu yote. Kwa kipimo changu FT8 inakushinda wikiendi moja, siku ya kuunganisha sauti ya redio na kompyuta mpakato. Baada ya hapo unabaki kutazama.

Jambo jingine linalogusa kila shilingi utakayotumia kwenye HF ni jua. Mzunguko wake wa miaka 11 hivi ulifika kileleni mwaka 2024, na sasa unateremka. Sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu, kwani bendi za juu hutufungukia siku nyingi kuliko wenzetu wa kaskazini. Hata hivyo, anayenunua leo kwa kusikia sifa za bendi ya mita 10 za mwaka 2024 ajue anaingia sokoni msimu ukiisha.

Satelaiti hazijali mzunguko huo wa jua, na hapa ndipo pesa kidogo inapofika mbali. Zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Aina ya kwanza ni zinazopita. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kilomita 400 juu, na kina redio ya ridhaa ndani. Ile redio yako ya mkononi inaipokea kwenye megahezi 145.800 bila kununua chochote, wakati wanaanga wanapozungumza na wanafunzi au zinaporushwa picha. Ripita yake, iliyowashwa Septemba 2020, inashuka kwenye 437.800. Hapo utahitaji antena yenye mwelekeo, na hiyo inatengenezwa nyumbani kwa tepu ya chuma ya kupimia na bomba la plastiki la fundi wa maji. Ugumu upo wa kutosha: mkono mmoja unafuata chombo angani, mwingine unasogeza masafa, kwa kuwa kasi yake inayahamisha karibu kilohezi 10 juu na kisha chini, na dakika kumi zikipita kimeshazama. Kwa gharama, hakuna cha kuishinda. Kasoro yake ni ya kijiografia. Satelaiti ikiwa juu ya Ulaya, watu wanagombania nafasi. Ikiwa juu ya Tabora au Garissa, mara nyingi utaita na kujibiwa na ukimya. Tafuta mwenzako mmoja, wa Kampala au Kigali, mkubaliane saa.

Aina ya pili ni moja tu, na ningeiweka mbele ya vyote kwa mtu wa ukanda huu. Qatar ilirusha satelaiti ya televisheni iitwayo Es'hail-2 tarehe 15 Novemba 2018, na ndani yake wanaridhaa wakatengewa nafasi yao, inayojulikana kama QO-100. Haizunguki ikapotea. Imesimama juu ya ikweta karibu nyuzi 26 Mashariki, na inaonekana kuanzia Brazil hadi Thailand, saa 24. Ulaya wanaitafuta chini, kusini, kati ya paa na miti. Kwetu iko karibu utosini: mtu wa Nairobi anaelekeza dishi magharibi kwa mwinuko wa nyuzi 77, wa Dar es Salaam magharibi ikiegemea kaskazini kwa nyuzi 72. Ghorofa la jirani halikuzibii kitu.

Kusikiliza kunahitaji dishi la televisheni la sentimita 80 au 90, na mitaa yetu imejaa madishi ambayo hayana kazi tena. Ongea na mwenye nyumba au fundi wa dishi. LNB ya kawaida ni dola 10 hivi, kipokezi kidogo cha USB aina ya RTL-SDR dola 30 hadi 40, na programu ni za bure. Jumla ni kama shilingi 6,500. Wengi hukwama kwenye umeme wa LNB: inataka volti 12 na zaidi, na kipokezi hicho kinatoa 4.5 tu, hivyo nunua kiingiza-umeme chake kwa dola chache. Utahangaika pia na LNB inayohama masafa jua linapoipiga. Ni usumbufu wa maana, kwa sababu kuutatua kunakufundisha yale ambayo redio ya dola 1,200 imeyaficha.

Kurusha ni hesabu nyingine. Unapanda kwa 2,400 MHz, na vifaa vya kubadilisha masafa, amplifaya na antena ndogo ya kuweka mbele ya dishi vitakula dola 400 hadi 600. Wati chache zinatosha. Zaidi ya hapo ni hasara, maana anayepiga kelele kuliko ishara ya rejea ya satelaiti anapigiwa king'ora juu ya masafa yake, kila mtu akisikia. Sijui sehemu nyingine ya burudani hii ambapo mwenye pesa nyingi anaaibishwa kwa kuzitumia. Na kabla ya kutoa hata senti, unaweza kuionja QO-100 kupitia kipokezi cha intaneti kilichoko Goonhilly, Uingereza. Ukisikiliza jioni tatu bila kusisimka, umeokoa hela.

Kuna wanaotaka picha za hali ya hewa kutoka angani. Wawe macho: miongozo mingi bado inawafundisha kupokea NOAA-15, 18 na 19, na zote tatu zilistaafishwa mwaka 2025. Zilizobaki kwenye 137 MHz ni Meteor za Urusi, na hizo zinatuma kidijitali. Kipokezi kilekile cha dola 30 kinafaa, pamoja na fimbo mbili za sentimita 53 hivi zilizopanuliwa kwa nyuzi 120. Ni kazi nzuri ya wiki chache, hasa ukiwa na mtoto wa shule nyumbani.

Nimebakiza Morse, ambayo wengi wanaiona ni mambo ya babu zetu. Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi mtu kuijua ili apate leseni ya HF, na hapo ndipo ilipokuwa burudani halisi, kwa kuwa anayejifunza sasa amejipeleka mwenyewe. Kujifunza ni bure. Tovuti ya LCWO ina masomo yote kwa mfumo wa Koch, unaoanza na herufi mbili tu kwa kasi kamili. Usijifunze kwa kuhesabu nukta na mistari kwenye karatasi. Sikio linatakiwa kuishika herufi kama linavyoshika jina lako likiitwa sokoni. Kitufe ni dola 20 hadi 40, au kipande cha msumeno wa chuma kwenye ubao, bure. Itakushinda miezi, si wikiendi. Utafika kasi fulani ukwame hapo, uchukie, uache wiki nzima, urudi.

Uzuri mwingine ni kwamba Morse inafungua mlango wa vifaa vya kujiundia. QCX-mini ya QRP Labs ni redio kamili ya Morse, ya bendi moja, wati 5, kwa dola 55 hadi 80 kutegemea kama unataka na kasha lake. Inakuja vipande vipande. Utasuka waya mwembamba kwenye pete za chuma, utahesabu mizunguko, utaunguza kidole. Chuma cha solda na mita ya umeme vinapatikana Luthuli Avenue au Kariakoo, na fundi simu yeyote atakuonyesha solda nzuri inavyong'aa. Hali ya anga ikiwa nzuri, wati 5 hizo kwenye waya wa mita 10 zinafika Ulaya. Boksi zima linaingia mfukoni na batri yake, jambo ambalo anayeishi na umeme wa kukatikakatika atalielewa mara moja.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi: mwenye shilingi 7,000 aanze na kusikiliza QO-100, na wakati anasubiri mzigo aanze Morse. Mwenye 15,000 aongeze QCX-mini. Mwenye 60,000 na leseni mkononi, ambaye kweli anataka watu wapya, achague kati ya G90 na kurusha QO-100. Anayekaa mjini penye kelele asihangaike na HF, aende satelaiti. Wa shamba Njombe au Nyeri, mwenye miti ya kufungia waya, achukue G90. Redio ya dola 1,200 iombe kwanza kwenye klabu au kwa mwanaridhaa mwenzako, ukae nayo wikiendi moja. Ukiipenda, tafuta iliyotumika na yenye boksi na nyaraka za kibali chake, kwa sababu bila hizo hutaweza kuiuza baadaye.