Bengali: Njia ya Binti Kwenda Shule

Bengali leo imegawanyika: mashariki ni nchi ya Bangladesh, magharibi ni jimbo la India lenye mji wa Kolkata. Ni nchi ya maji. Mto Ganges ukikaribia bahari hutawanyika matawi mengi na kuzungukwa na mikoko, na mtu aliyepita Rufiji hatashangaa sana. Wenyeji ni Waislamu na Wahindu, na zamani nyumba za heshima za pande zote mbili ziliwatawisha wanawake.

Kwa Wahindu ilienea imani kwamba msichana akijua kusoma atafiwa na mume. Rassundari Devi, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, alificha jikoni ukurasa wa kitabu cha dini, akawa anauchungulia huku anapika, mpaka akajifundisha kusoma. Baadaye aliandika kitabu cha maisha yake.

Shule ya Bethune ilifunguliwa Kolkata tarehe 7 Mei 1849 kwa wasichana 21. Ubavuni mwa gari la farasi lililowachukua majumbani paliandikwa maneno ya Kisanskriti, ili wapita njia wajue kwamba binti naye anastahili kulelewa na kusomeshwa. Katibu wa shule hiyo, mwanachuoni Ishwar Chandra Vidyasagar, alifungua shule 35 za wasichana wilayani kati ya Novemba 1857 na Mei 1858.

Mabinti wengi wa Kiislamu walisomeshwa Kurani, lakini Kibengali wakanyimwa. Nawab Faizunnesa alijenga shule mjini Comilla mwaka 1873. Rokeya Sakhawat Hossain, mwandishi mzaliwa wa 1880, alifundishwa na kaka yake usiku, watu wamelala. Alipofiwa na mumewe mwaka 1909 alianzisha shule mjini Bhagalpur kwa wasichana 5. Mwaka 1911 akaifungua upya Kolkata kwa wasichana 8. Alipita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi, akiwahakikishia kwamba watoto wao hawataonekana njiani. Gari la shule likazibwa pande zote. Watoto wakazimia kwa kukosa hewa. Madirisha yakafunguliwa, yakatundikwa mapazia. Zikaja barua za kulalamika kwamba upepo unayapeperusha! Rokeya alivumilia, naye mwenyewe akajifunika, maana wazazi wasiporidhika darasa lingebaki tupu. Uvumilivu huo naustahi kuliko yote aliyoandika.

Shule yake ilikuwa na miaka 16 mjini Kolkata pale Zanzibar ilipopata shule ya serikali ya wasichana, mwaka 1927. Shule ya Rokeya ipo mpaka leo, na Bangladesh humkumbuka kila tarehe 9 Desemba, siku aliyofariki mwaka 1932.