Upasuaji wa mapema huwanusuru wenye maambukizi ya vali za moyo

KUFANYIWA upasuaji mapema kunaweza kuwaepusha na kiharusi baadhi ya wagonjwa wenye maambukizi ya vali za moyo, utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2012 umeonyesha.

Ugonjwa huo hutokea bakteria walioingia katika damu wanapojishikiza kwenye vali na kuunda mabonge. Bonge likimeguka, damu hulibeba hadi kwenye ubongo na kuziba mshipa. Antibayotiki huua bakteria, lakini hazirekebishi vali iliyokwisha kuharibika.

Utafiti huo ulihusisha wagonjwa 76 wenye mabonge makubwa. Miongoni mwa 37 waliopangiwa upasuaji ndani ya saa 48, hakuna aliyezibwa mshipa na bonge katika wiki sita za mwanzo. Miongoni mwa 39 waliopata matibabu ya kawaida, wanane walikumbwa na janga hilo.

Hata hivyo, vifo katika miezi sita havikutofautiana sana.

Kwa hiyo, mwenye vali mbovu anayesumbuliwa na homa isiyokwisha hapaswi kujinunulia dawa. Inafaa damu yake ipimwe kwanza, kwani antibayotiki zinaweza kuwaficha bakteria wasionekane katika vipimo.